Floraidi na Kulika kwa Enameli: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Ufipa

Nchini Tanzania, floraidi hukumbusha kwanza meno ya kahawia ya Arusha na Kilimanjaro, ambako maji yapitayo katika miamba ya volkano hubeba madini hayo kwa wingi, hata kikaanzishwa kituo cha Ngurdoto cha kutafiti namna ya kuyapunguza. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ikihamishiwa Sumbawanga bila kupambanuliwa, yaweza kumfanya mzazi amnyime mtoto kinga anayoihitaji. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, umekaa juu ya miamba ya kale isiyo ya volkano. Maji yake yahukumiwe kwa vipimo vya kila kisima. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Madoa yale hutokana na floraidi inayomezwa wakati meno yangali yanaundwa ndani ya ufizi. Floraidi inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota hailitii madoa hayo.

Enameli ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake, haina seli hai, na ikipotea hairudi. Katika kuoza, asidi hutengenezwa na bakteria wanaokula sukari. Katika kulika, asidi hufika yenyewe: kwa ndimu, ukwaju, soda, au kutoka tumboni kwa mwenye kiungulia cha muda mrefu. Tofauti hii hupuuzwa mno, ilhali ndiyo inayoamua tiba.

Floraidi huungana na kalsiamu ya mate na kuacha utando mwembamba juu ya jino. Asidi ijapo, utando huyeyuka kabla ya enameli. Dhidi ya kuoza kinga hii ni imara. Dhidi ya soda inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni dhaifu, kwa kuwa utando huisha upesi; dawa za meno zenye floraidi ya bati hustahimili zaidi. Vanishi ya asilimia 5 ya sodiamu floraidi, inayopakwa na tabibu wa meno, hukaa juu ya jino kwa saa kadhaa na kuongeza akiba hiyo.

Nyumbani, dawa ya meno yenye floraidi miligramu 1,000 hadi 1,500 kwa kilo yatosha: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, naye afundishwe kutema. Soda inywewe pamoja na mlo, kisha mdomo usukutuliwe kwa maji. Mwenye kiungulia atibiwe tumbo kwanza.