Nilivyoitafuta pilau ya Kabul hapa Kihonda

Wakati wa TP nilimzima mwanafunzi kwa sababu ya pilau, na hadi leo ninaona aibu kidogo kuliandika.

Nilikuwa nafundisha Historia, Kidato cha Pili, shule moja ya hapa Kihonda. Mada ni mawasiliano ya Afrika na Mashariki ya Kati. Kipindi kinatakiwa kiwe cha Kiingereza, lakini ninyi wenzangu wa ualimu mnajua inavyokuwa watoto wakishaanza kukukodolea macho. Nikahamia Kiswahili. Nikasema wageni walileta nguo, shanga na vyombo, ila chakula kama pilau ni chetu wenyewe, cha asili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, pilau si ya Waafghani? Nimeona kwenye simu ya kaka, wanaweka karoti na zabibu." Darasa likacheka. Badala ya kusema nitaenda kuangalia, nikamwambia akae, aache mambo ya mtandaoni. Akakaa. Wiki ile hakunyoosha mkono tena.

Jumamosi nikaanza kuitafuta hiyo pilau yake.

Nilianzia kwa mama ntilie wetu, yule anayelisha nusu ya mtaa wa mageto. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo na nini?" Nikamuuliza kama anajua kupika pilau ya Kabuli. Akaniangalia vizuri. "Ya kaburini? Hiyo tunapika arobaini, baba. Hapa ni ya mchana tu." Wote pale kwenye benchi wakaangua kicheko, na mimi nikanunua sahani yangu ya shilingi 3,000 kwa adabu. Nikapanda bajaji hadi Msamvu, kwenye migahawa inayolisha abiria wa mabasi: pilau ipo, biriani ipo Ijumaa, ya Kabul hawaijui. Mjini vivyo hivyo. Rafiki yangu anayesoma Dar akanicheka kwenye simu, akasema kule Kisutu na Upanga vyakula vya Kihindi na Kipakistani ni vya kawaida, nikipanda treni ya SGR nitapata kitu cha karibu na hicho. Nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya wali? Boom lenyewe lilikuwa limeshaisha.

Basi nikasoma. Na kusema ukweli, yule binti alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Neno lenyewe pilau si letu tangu mwanzo. Limetoka katika Kiajemi, na ukilifuata unalikuta kila mahali: Waturuki wana pilav, Wahindi pulao, Wauzbeki palov. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza palov ya Uzbekistan na oshi palav ya Tajikistan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, nchi mbili jirani, mwaka mmoja. Waafghani chakula chao wanakiita Kabuli palaw, na wengi wanakihesabu kuwa chakula cha taifa lao. Wapo wanaosema jina linatokana na mji wa Kabul. Wengine wanalitamka qabili, wakilihusisha na neno lenye maana ya mtu hodari, kwamba asiye fundi asiiguse.

Lakini inapikwaje? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Nyama, mara nyingi ya kondoo, inachemshwa na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, wanapata supu nzito. Mchele mrefu unalowekwa, unachemshwa nusu, maji yanamwagwa, halafu unachanganywa na ile supu na kufunikwa uive kwa mvuke. Karoti zinakatwa nyembamba kama njiti za kiberiti, zinakaangwa na sukari kidogo, zabibu kavu zinatiwa hadi zivimbe, na vyote vinawekwa juu ya wali. Viungo ni bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga.

Soma tena hiyo orodha ya viungo. Ni ile ile ya mama ntilie wetu!

Tofauti ziko kwingine. Sisi mchele hatuumwagi maji, tunauacha unywe supu yote mpaka ukauke, kisha tunapalia mkaa juu ya mfuniko. Sisi tunatwanga tangawizi na kitunguu saumu, tunatia viazi, na utamu wa sukari na zabibu tunauona ni mambo ya keki. Pembeni tunaweka kachumbari na pilipili. Ukila zote mbili ni kama umekutana na ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti.

Imefikaje huku? Hakuna siku moja ya kuiandika ubaoni. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha nyama, kuku, samaki na mboga, na pembeni achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Hakusema neno pilau, hivyo tusimlazimishe, ila sinia lile mtu wa Pwani angelitambua. Baadaye ni pepo za kaskazi na kusi, majahazi ya Ghuba na ya India yakienda na kurudi, na Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar mwaka 1840. Masultani wa Oman walikuwa na askari Wabulushi, watu ambao asili yao ni Makran, baina ya Iran na Pakistan ya leo, na wenzao wengine wako hadi kusini mwa Afghanistan. Sisemi wao ndio walioleta pilau. Nasema njia ilikuwa wazi, na waliopita walikuwa wanakula.

Nilipolipata hilo nikaamua tupike wenyewe geto, mimi na wenzangu watatu. Na hapo ndipo Morogoro iliponishangaza. Mchele wa Kilombero tulipata bila shida. Karoti tulinunua Soko Kuu la Chifu Kingalu, na mwenye meza alisema zimeshuka kutoka Mgeta. Karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga vinalimwa hapo hapo juu Uluguru, upande wa Kinole na Matombo, kwa hiyo mtu wa Moro kununua viungo vya pakiti ni uvivu tu. Bizari nyembamba tulipimiwa kijiko dukani. Kondoo hatukumpata kwa bei yetu, tukachukua nusu kilo ya mbuzi. Zabibu kavu ndizo zilizotuuma: kipakiti kidogo kwa bei ya karibu kilo ya mchele, nasi tuko jirani na Dodoma ya zabibu.

Mara ya kwanza ulikuwa bokoboko. Tuliuchemsha mchele dakika nyingi kama wa kawaida, na mchele wetu mpya hauvumilii hivyo. Mara ya pili tuliutoa moyo wake ukiwa bado mgumu, na ukasimama punje kwa punje. Mwenzetu mmoja wa Tanga alionja, akanyamaza, akasema: "Nzuri. Lakini zabibu toeni." Tukagombana mpaka sahani zikaisha.

Jumatatu nilienda na kikontena. Nilisimama mbele ya Kidato cha Pili nikasema wiki iliyopita nilijibu vibaya swali zuri, na mwenye swali alikuwa sahihi kuliko mimi. Kisha nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwalimu, pilau ya Bibi yangu siyo yetu?" Nikamwambia Bibi yake ameipika miaka mingapi? Akasema hajui, tangu zamani. Nikamwambia hiyo ni yake. Sina hakika kama mwalimu wa somo aliyekaa nyuma na fomu ya tathmini alilipenda jibu hilo. Binti alionja karoti, zabibu akampa jirani.

Kwa atakayetaka kujaribu: loweka mchele nusu saa, karoti zikaangwe peke yake, na zabibu nunua kwa kuchangishana. Na kama huna nguvu ya kupika, nenda kwa mama ntilie wetu kabla ya saa saba mchana, ukoko ukiwa bado chini ya sufuria. Usimuulize ya Kabuli.