Ndai Inachemka? Usikubali Themostati Itupwe, Badilisha Mwenyewe Hapo Kwa Ploti

Kama unaendesha Probox, Fielder ama Vitz pale Langas, hii laini lazima umeiskia: "Hiyo themostati tutoe tu, Kenya hakuna theluji." Makanika anaitoa, anarudisha hosi, unalipa, unaenda. Wiki hiyo ndai haichemki, so unaona jamaa ni jiniasi. Shida inakuja baadaye, mdogo mdogo, ukianza kushangaa mbona petroli inaisha haraka.

Wasee, chanukeni. Hiyo kitu iliwekwa na sababu, na kuibadilisha si kazi ya kukutoa jasho.

Kwani inafanya nini?

Themostati ni valvu ndogo imekaa kwa njia ya maji kati ya injini na redieta. Ndani iko na nta. Injini ikiwa baridi, valvu inafunga, maji yanazunguka ndani ya injini pekee ndio ipate moto haraka. Maji yakishika joto, nta inayeyuka, inafura, inasukuma valvu, na maji yanaanza kupita kwa redieta kupoa. Hakuna waya, hakuna kompyuta. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile iko kwa Probox na Fielder kibao, valvu huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84.

Sasa itoe. Maji yanapita kwa redieta saa zote. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na baridi ya Julai asubuhi unaijua. Injini inakawia kupata joto, sensa inaambia kompyuta bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli. Oili inakaa nzito, unyevu unabaki ndani yake, vyuma vinasagana. Hita nayo inapuliza hewa baridi, so kioo kinajaa ukungu na wewe unapanguza na mkono ukiwahi abiria wa alfajiri.

Na kuna noma ingine. Injini zingine, themostati ikifungua njia ya redieta, inaziba ile njia fupi ya kurudisha maji ndani. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, na maji moto mengine yanarudi kwa injini bila kupoa. Panda kutoka Kerio Valley hadi Iten na ndai imejaa, uone kama haitachemka vilevile.

Utajuaje imekufa?

Ndai ndogo kibao hazina mshale wa joto, ziko na taa ya bluu na nyekundu. Bluu ikikawia kuzima hata kama umeshafika tao, themostati imekwama wazi ama mtu alishaitoa bila kukushow. Ukipima na mashine na upate kodi P0128, risto ni hiyo hiyo.

Nyekundu ikiwaka, simama. Kama hosi ya juu ya redieta ni moto sana na ya chini bado ni baridi, themostati inaweza kuwa imekwama ikiwa imefunga. Lakini usiilaumu kila saa. Cheki pia kama maji yanavuja, feni haizunguki, ama kifuniko cha redieta kimechoka. Na ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ama povu linatoka kwa redieta bila kuisha, hiyo huenda ni gasketi ya hedi. Hapo itia fundi, hii makala haitakusaidia.

Kabla ufungue kitu

Nunua themostati ya injini yako. Beba namba ya chesisi dukani, na kama ile ya zamani ipo, ibebe pia. Cheki digrii zilizochapwa kwa chuma. Tafuta spana ya 10, plaisi, karai, na kulanti.

Halafu ijaribu kwanza. Iningʼinize na uzi ndani ya sufuria ya maji baridi, isiguse chini, kisha uwashe jiko. Kabla maji yachemke, inafaa ianze kufunguka. Kumbuka Eldoret maji huchemka karibu digrii 93, si 100, ndio maana maharagwe hukawia kuiva. So isipofunguka yote usishtuke, bora imeanza. Isipojisongesha kabisa, irudishe dukani. Yaani unaweza kushika themostati feki kabla iguse injini.

Kazi yenyewe

1. Fanya asubuhi, ndai ikiwa imelala. Usiwahi fungua kifuniko cha redieta kikiwa moto. Maji huwa na presha, yataruka usoni na kukuchoma.

2. Weka karai chini, fungua kizibo cha chini cha redieta. Kulanti ni sumu na iko na utamu, so mbwa, kuku na watoto wa ploti wakae mbali. Usimwage kwa mtaro.

3. Tafuta nyumba ya themostati. Kwa 1NZ-FE, fuata hosi ya chini ya redieta mpaka pale inashika injini. Alternata inaweza kukuzibia njia. Kama lazima uisongeshe, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Kwa injini zingine, nyumba iko kwa hosi ya juu.

4. Fungua nati mbili za 10. Kabla utoe ile ya zamani, piga picha. Kwa kawaida springi inaangalia injini. Ukiiweka kinyume, ndai itachemka.

5. Safisha uso wa chuma polepole, hiyo ni alumini. Vaa mpya na raba yake mpya. Kama iko na raba, silikoni ya nini? Ikimeguka itaenda kuziba redieta. Kama iko na kapini kadogo kanachezacheza, kaangalie juu, ndipo hewa hupitia.

6. Kaza nati kidogo hapa, kidogo pale. Usitumie nguvu za mjengo, utapasua.

Hewa ndio huua kazi

Jaza kulanti pole pole. Washa hita kwa moto wa mwisho, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na ufinye hosi kubwa wakati bado ni baridi ndio hewa itoke. Povu likipungua, ongeza, funga kifuniko kabla yaanze kuchemka. Juu hapa kwetu bila kifuniko yanachemka mapema, usingoje feni ndio ufunge.

Acha injini iendelee. Hosi ya chini ikishika moto ghafla, valvu imefunguka. Feni ikiwaka na kuzima, uko fiti. Zima, acha ipoe kabisa, kisha uongeze pale pamepungua. Zungusha Langas hadi tao na urudi, ucheki kama kuna mahali panavuja. Usitoe hiyo ndai moja kwa moja hadi Timboroa. Kesho asubuhi cheki tena kipimo.

Maji ya bomba yasikuwe mazoea. Yanaleta kutu, na kutu ndio hukwamisha valvu.

Ukiwa hauna masaa na bado unaenda kwa makanika, enda na themostati mpya mkononi na umwambie aivalishe mbele yako. Akikushow haina kazi, muulize swali moja: mbona Toyota waliiweka? Gasketi ya hedi ikichomeka, bili itakuwa kwa jina lako, si lake.