Fahamu: Nzi wa Ukasi anayefanana na buibui
Mormotomyia hirsuta ni nzi wa urefu wa takriban sentimita 1, mwenye manyoya ya manjano na miguu mirefu, ambaye kwa mtazamo wa kwanza hudhaniwa kuwa buibui. Kinachomtambulisha kwanza ni miguu: anayo sita, buibui ana minane. Mabawa yake yamedumaa, yamebaki vipande vyembamba visivyomwezesha kuruka, jambo la ajabu kweli kwa nzi. Macho nayo ni madogo mno.

Mahali anapopatikana ni ushahidi mwingine: ufa wa mwamba katika Kilima cha Ukasi, nyanda kame za mashariki mwa Kenya, ambamo mabuu yake hukulia kwenye kinyesi cha popo. Alikusanywa 1933 na 1948, kisha akapatikana tena 2010.