Kwa Nini Herufi za Kibodi Hufutika?

Vikundi kadhaa tunavyovitembelea vina ofisi ndogo ya kuchapa barua na fomu za watu. Kompyuta ni nzima, lakini kwenye kibodi A na E zimefutika kabisa, na msichana anayejifunza anabonyeza kwa kukisia. Wanachama hutuuliza: je, tuliuziwa bandia? Si lazima. Tuangalie jinsi vile vifuniko vya vitufe hutengenezwa.

Kazi huanza na punje za plastiki, ndogo kama mchele. Huyeyushwa, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ni kama mashine yetu ya kufyatulia matofali, ila hapa kosa dogo kama unywele linaharibu kitu.

Shida iko kwenye herufi. Kibodi za bei ya chini huchapwa wino juu juu tu, na vidole vinaula polepole.

Viwanda vinavyotengeneza vifuniko vya kuagiza, kama Signature Plastics ya Marekani na GMK ya Ujerumani, hutumia plastiki mbili. Herufi yenyewe ni plastiki ya rangi moja, na mwili wa kifuniko ni ya rangi nyingine, zimeshikana ndani ya kalibu. Hapo hakuna wino. Sugua utakavyo, kifuniko kitang'aa kwa mafuta ya vidole lakini herufi itabaki. Taabu ni kwamba kila herufi inahitaji kalibu yake, na kuchonga kalibu si pesa kidogo. Kubadilisha rangi ni rahisi, unabadilisha punje tu. Ndiyo maana oda nyingi huwa za rangi mpya, si za umbo jipya.

Njia nyingine ni kuchoma rangi kwa joto kali mpaka iingie ndani ya plastiki. Hii hutaka plastiki ngumu iitwayo PBT, kwa sababu ile ya kawaida, ABS, ingepinda. Lakini PBT nayo hunywea ikipoa, na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi wakati mwingine hutoka kimepinda.

Kiwanda hakiwashi mashine kwa oda ya mtu mmoja. Wanunuzi hujiunga, kila mmoja analipa kwanza, halafu wanangoja miezi, hata zaidi ya mwaka. Mambo ya chama kabisa, sivyo? Na kama kwenye chama, imetokea aliyekusanya pesa akafunga duka, watu wakabaki bila pesa wala vifuniko.

Kwa hiyo kikundi kikitaka kununua kibodi ya vitufe vinavyong'oka, mwombeni muuzaji ang'oe kifuniko kimoja taratibu na kukigeuza. Mkiona rangi mbili za plastiki kwa ndani, herufi hiyo haifutiki.