Mtoto Ametokwa na Vipele: Mtazame Kwanza Kabla ya Kumpaka Chochote

Mtoto anapotokwa na vipele visivyojulikana vilitoka wapi, ushauri huwa mwingi. Nyanya anasema aogeshwe kwa maji ya chumvi, jirani analeta krimu iliyomsaidia wake, na muuza duka anapendekeza nyingine. Siku tatu hupita hivyo kabla mtoto hajaonwa na mhudumu wa afya.

Vipele vingi vya watoto si hatari na huisha vyenyewe. Vichache, hata hivyo, ni dalili ya ugonjwa unaoweza kumuua mtoto kwa siku chache, wakati mwingine kwa saa chache. Si lazima mzazi ajue jina la ugonjwa huo. La muhimu ni kujua kama mtoto anaweza kungoja hadi kesho au anafaa kupelekwa hospitalini sasa hivi.

Anza na mtoto, kisha ngozi

Jiulize: Je, ana homa? Ananyonya au kula? Anacheza? Anapumua vizuri? Mtoto mwenye vipele lakini hana homa, anakula na kucheza kama kawaida, mara nyingi anaweza kungoja zahanati ifunguliwe asubuhi.

Kisha mvue nguo zote na umtazame kwenye mwanga wa mchana, kuanzia nyuma ya masikio hadi kwenye nyayo. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Vipele vinaweza kuonekana kama madoa meusi zaidi au ya zambarau. Pitisha kiganja chako juu ya ngozi uhisi kama inakwaruza. Angalia pia viganja vyake, nyayo na ndani ya kope la chini, mahali ambapo mabadiliko ya rangi huonekana wazi zaidi.

Usingoje ukiona dalili hizi

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, iwapo:

- ana umri wa chini ya miezi miwili na ana homa, vipele vyenye usaha, au amekataa kunyonya;
- ana madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia unapoyabonyeza kwa glasi inayopitisha mwanga. Hii inaweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo;
- midomo, ulimi au uso umevimba, au anapumua kwa shida;
- ngozi inabambuka, au ana vidonda mdomoni na machoni, hasa baada ya kuanza kutumia dawa mpya. Usimpe tena dawa hiyo, na uibebe umwonyeshe daktari;
- amepata degedege, amelegea, haamki vizuri au anatapika kila kitu.

Surua haihitaji kungojwa “itoke”

Homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha baada ya siku chache vipele vinavyoanzia usoni na nyuma ya masikio na kushuka mwilini: hizo ni dalili za surua, ambayo wengi wetu huita ukambi.

Baadhi ya familia bado huamini kwamba mtoto akidungwa sindano kabla vipele havijatoka vyote, ugonjwa “utaingia ndani”. Kwa hiyo mtoto hufungiwa chumbani hadi vimalizike. Imani hii ina chanzo chake: nimonia inayoletwa na surua inaweza kuanza siku zile zile vipele vinapoenea, na ni rahisi kuilaumu sindano. Lakini si sindano inayomzidisha mtoto. Surua huua kwa nimonia na kuhara, na inaweza kumpofusha. Hospitalini atapewa vitamini A, ambayo hupunguza hatari ya kifo na upofu, na matatizo mengine yatatibiwa mapema.

Ukifika, mwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta kwamba mtoto ana homa na vipele, ili asiketi kwenye foleni na watoto wengine. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili. Mgonjwa huambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele kutokea hadi siku 4 baadaye.

Kinga ni chanjo mbili: ya kwanza akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Zote hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Fungua kijitabu cha mama na mtoto leo uone kama ile ya pili imeandikwa, kwa maana ndiyo husahaulika sana.

Vipele vya kawaida

Vipele vidogo shingoni na kifuani siku za joto hutokana na jasho. Mpunguzie mtoto nguo na umwogeshe kwa maji yasiyo moto. Muwasho unaozidi usiku, katikati ya vidole na kiunoni, huenda ni upele. Nyote nyumbani mtibiwe siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Malengelenge yenye maji yanayotoka kwa awamu huenda ni tetekuwanga. Mkate kucha, usimpe aspirini, na asirudi shuleni kabla malengelenge yote hayajakauka.

Usimpake majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala krimu za kung’arisha ngozi. Krimu zenye steroidi zinazouzwa bila maagizo ya daktari huweza kuficha mashilingi huku yakiendelea kuenea, na zikitumiwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Unapoenda kituoni

Beba kijitabu cha kliniki, pamoja na kila dawa au krimu uliyotumia, hata ya kienyeji. Eleza vipele vilianza lini na sehemu gani, na kama kuna mwingine nyumbani au shuleni mwenye dalili hizo. Usiona aibu kutaja ulichompaka; hilo humsaidia daktari kumtibu ipasavyo. Ukiwa na shaka, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako amwone mtoto. Lakini ukiona mojawapo ya dalili za hatari zilizotajwa hapo juu, usimngoje. Ondoka na mtoto.