Bukavu: Waya za simu za zamani maofisini zinaweza kubeba intaneti, ila si zile za barabarani

Katika majengo ya zamani ya komini ya Ibanda, kuanzia avenue Patrice Lumumba hadi Muhumba, si vigumu kuona tundu la simu ukutani ambalo hakuna mtu analitumia tena. Simu yenyewe iliondolewa zamani, lakini waya wake wa shaba ungali ndani ya ukuta. Wakati huu ambapo mashirika, vituo vya afya na shule vinatafuta namna ya kufikisha intaneti katika kila chumba bila kumaliza makuta, swali linarudi: je, waya hizo zinaweza kufanya kazi tena?

Jibu lina sehemu mbili, na afadhali zitenganishwe mapema, kwa sababu ni hapo watu wanapotezwa feza.

Kwanza kuna waya unaotoka ofisini kwenda barabarani. Katika nchi zingine ndio ulioleta intaneti. Sauti ya mtu hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za waya, chini ya hertzi 4,000. Teknolojia ya ADSL hupitisha data juu ya kiwango hicho, hadi megahertzi 1.1, na kichujio kidogo hutenganisha sauti na data. Ndiyo maana mtu aliweza kupiga simu na kusoma barua pepe saa ileile, kwa waya uleule. Lakini upande wa pili, kwenye sentrali ya simu, lazima kuwe na mashine ya kupokea, na ofisi isiwe mbali kupita kilomita 5 hivi. Rwandatel iliuza huduma hiyo Kigali, TTCL nayo ikaiuza Tanzania.

Bukavu hakuna sentrali kama hiyo ya kutegemea. Simu ya serikali, iliyoitwa ONPTZ wakati wa Zaïre, kisha OCPT, na leo SCPT, ilianza kufa hata mbele ya vita vya 1996 na 1998. Miko Rwayitare alipoanzisha Telecel Kinshasa katika miaka ya 1980, wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuchoka kungojea simu ya waya. Katikati ya miaka ya 2000, takwimu za kimataifa zilihesabu simu za waya takriban 10,000 tu kwa nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 50. Celtel iliyoanza mwaka 2000 na Vodacom ya 2002 zilimaliza mchezo. Nguvu za SCPT zilielekea kwenye kebo ya bahari ya WACS, iliyozinduliwa Muanda mwaka 2013, karibu kilomita 1,900 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo fundi anayekuja na modemu ya ADSL na kuahidi kuichomeka kwenye tundu la simu la barabarani, aulizwe kwanza: itazungumza na sentrali gani?

Sehemu ya pili inapendeza zaidi. Waya za ndani ya jengo, zile zilizounganisha simu za vyumbani na simu ya mapokezi, ni mali ya mwenye jengo, na hazihitaji SCPT wala mtu mwingine. Intaneti inaingia kwa njia nyingine, kwa antena ya paa, sahani ya setilaiti au kisanduku cha 4G, kisha waya hizo zinaigawa ndani. Kuta nene za mawe na matofali za majengo ya kikoloni huzuia Wi-Fi vibaya sana: mkurugenzi ana mtandao, lakini mhasibu wa vyumba vitatu mbele hana kitu.

Wazo hili si la kubahatisha. Kanuni ya Etheneti iitwayo 10BASE-T, iliyopitishwa 1990, ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya waya za simu za maofisini. Inahitaji jozi mbili za waya, umbali usiozidi mita 100, na inatoa megabiti 10 kwa sekunde. Ni kidogo kwa Ulaya ya leo. Lakini ofisi inayonunua megabiti 5 kwa wafanyakazi wote haitaona tofauti. Kama chumba kina jozi moja tu, kuna modemu za VDSL zinazouzwa mbili mbili, moja kila upande, ambazo hupita mamia ya mita.

Kazi ngumu ni ya upimaji. Lazima kila waya ufuatwe toka mwanzo hadi mwisho kwa multimeta, kwa sababu baada ya miaka 40 kuna uliokatwa na mwashi, ulioliwa na panya au uliounganishwa kwa mkono na mkanda. Na kama sentrali ndogo ya ofisi ingali hai, waya wake uondolewe kwanza. Simu hutumia volti 48, na inapolia hupanda hadi volti 75 au 90, kiasi cha kuunguza kompyuta.

Kisha kuna radi. Utafiti uliotolewa 2016 kutokana na picha za setilaiti uliweka mashariki mwa Kongo kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Waya wowote unaopita nje, hata kati ya nyumba mbili za uwanja mmoja, unahitaji kizuia radi na waya wa ardhini. Hapo ndipo wengi huokoa dola chache na kupoteza mashine zote siku moja ya mvua. Kukatika kwa moto wa SNEL nako kunadai betri, kwa modemu na pia kwa visanduku vya kugawa.

Kuhusu sahani za Starlink, ARPTC ilizikataza Machi 2024, kisha ikatoa leseni Mei 2025.

Waya za ndani zina faida nyingine ambayo haionekani siku za kawaida. Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Ofisi yenye mtandao wake wa ndani ingeweza kuendelea kutumiana faili, kuchapa kwenye printa ya pamoja na kufungua hesabu zake kwenye kompyuta kuu, bila kungoja Kinshasa ifungue.