"Kesho Tutaandika": Daftari Lililotuaibisha Msibani

Akina mama wenzetu, tumewahi kuaibika mara nyingi, lakini aibu ya usiku ule wa msiba bado inatuchoma.

Katika usharika wetu alikuwepo bibi mmoja, mkunga wa jadi, miongoni mwa wanawake walioanzisha umoja wa akina mama hapo kanisani. Alikumbuka nani alibeba mawe kutoka mtoni wakati wa kujenga, nani alifukuzwa na mumewe kwa sababu ya kubatizwa, na watoto wangapi walizalishwa kwa mwanga wa kibatari. Umoja ulipokaribia kutimiza miaka 50, wenzetu walitutuma tuyaandike hayo yote. "Wewe nesi, kuandika ni kazi yako," walisema. Tukakubali kwa furaha, tukanunua daftari kubwa, kaunta buku yenye jalada gumu, na kalamu mbili mpya.

Daftari hilo likakaa juu ya kabati mwaka mmoja na miezi miwili.

Sababu hazikukosekana. Kwanza ilikuja masika na kulima. Kisha harusi ya mdogo wetu, zamu za usiku, mtoto kuingia sekondari. Bibi mwenyewe akitukuta mlangoni mwa kanisa aliuliza, "Mwanangu, utakuja lini?" Nasi tulijibu, "Wiki ijayo, Bibi, Mungu akipenda." Tulimsingizia Mungu uzito wetu wenyewe.

Bibi alifariki siku ya Alhamisi. Ijumaa usiku mjukuu wake alikuja kugonga. "Shikamoo mama. Bibi alituambia wewe unaandika habari zake. Tunaomba daftari, tusome historia ya marehemu kesho kaburini." Tulilishusha, tukafuta vumbi. Ndani mlikuwa na tarehe, kichwa cha habari, na sentensi moja iliyokatwa mara tatu. Kijana aliliangalia, akasema asante, akaondoka. Kesho yake historia ya marehemu ilisomwa kwa dakika mbili: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto saba, aliugua.

Tangu siku ile tumejichunguza. Kukosa muda hakukuwa sababu ya kweli, maana mwaka uleule tulidarizi vitambaa vya makochi seti nzima! Tuliogopa. Kila tulipofungua daftari tuliwaona wasomaji wamekwisha kusimama nyuma yetu: mke wa mchungaji, mwalimu mstaafu anayesahihisha hata matangazo ya kanisani, na shemeji mwenye digrii. Tulijiuliza, sisi wenye diploma ya uuguzi tu, ni nani hata tuandike kitabu? Basi tukasema kesho. Kesho haina mtu wa kukucheka.

Faraja ya kwanza tuliipata kwa muuguzi mwenzetu. Grace Ogot wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, alisomea uuguzi Mengo, Uganda, akaendelea Uingereza, ndipo akawa mwandishi. Alieleza baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake fupi kwa wachapishaji, walishindwa kuelewa inakuwaje mwanamke Mkristo aandike mambo ya kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Hebu fikiri, mama mwenzetu: sisi tuliogopa kuchekwa kabla ya kuandika, yeye aliandika, akakataliwa, akaandika tena. Mwaka 1966 ilitoka riwaya yake *The Promised Land*, na mwaka 1968 mkusanyo wa hadithi fupi, *Land Without Thunder*. Ndani ya mkusanyo huo imo hadithi ya wauguzi wa hospitali ya misheni wanaokataa kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa. Nesi yeyote akiisoma atajua kwamba mwandishi amewahi kusimama wodini. Hakuyatafuta mbali.

Faraja ya pili imo katika Yeremia sura ya 36. Baruku aliandika gombo zima kwa mkono wake, na mfalme Yehoyakimu akalikata kipande kwa kipande kwa kisu na kulitupa motoni. Nani kati yetu ameandika kitu kikachomwa na mfalme? Baruku alipewa na Yeremia gombo jingine, akaandika upya yote yaliyokuwamo, na mengine zaidi yakaongezwa.

Lakini kilichotufungua hasa ni kazi yetu ya kila siku. Nesi anapomaliza zamu hangoji moyo umsukume ndipo aandike ripoti. Anaandika saa, alichokiona, alichokifanya, mgonjwa alisema nini, anatia sahihi, anakwenda nyumbani. Hakuna anayeuliza kama ripoti ni tamu. Na tulifundishwa tangu chuoni kwamba ambacho hakikuandikwa kwenye faili huhesabiwa hakikufanyika. Tumeandika ripoti kwa zaidi ya miaka 20, wala hatukuwahi kujiuliza sisi ni nani.

Basi Jumapili baada ya mazishi tulikaa jikoni, watoto wamelala, tukaandika kama ripoti: "Saa 10 jioni, uani kwake. Amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Anasema mawe yalibebwa siku tisa." Mistari sita. Kesho yake mistari minne, nayo ilikuwa mibaya kweli. Hatukuikata. Tulijiwekea dakika 15 baada ya sala ya jioni, saa ya ukutani ikiwa mbele yetu, na dakika zikiisha tunafunga hata kama sentensi haijakamilika. Kesho yake ni rahisi kuanzia palipokatika. Mume wetu aliuliza siku ya tatu kama hayo ni madeni tunayoandika. Siku ya kumi alianza kutuwekea taa vizuri.

Mtu wa kwanza kusomewa tulimchagua kwa uangalifu. Mwalimu mstaafu tulimwacha kwanza. Tulimsomea kwa sauti mama mmoja muuza maandazi ambaye alimfahamu marehemu. Alicheka, akatukosoa, "Siyo siku tisa, zilikuwa kumi na moja, na mama yangu alivunjika kidole." Tukaandika na hicho kidole.

Hadi sasa zimejaa kurasa 43. Mengi aliyoyajua Bibi yamekwenda naye, na hilo halirekebishiki. Katika wale waanzilishi wamebaki watatu. Mmoja hasikii vizuri sikio la kushoto, na mwingine amehamia kwa binti yake, mwendo wa saa mbili kwa basi. Jumamosi hii hatuna zamu. Daftari limekwisha kuingia kwenye kikapu, pamoja na sukari kilo moja ya kumpelekea.